Nyumba ya Tope: Maisha ya Askari Mahandakini, 1914–1918

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1914, huko Nieuwpoort kwenye pwani ya Ubelgiji, mwendesha mashua aitwaye Hendrik Geeraert aliwaongoza askari wachache gizani hadi kwenye milango ya maji ya Noordvaart. Bamvua lilikuwa linakaribia na bahari ilikuwa inajaa. Waliifungua milango, maji ya chumvi yakaingia mashambani. Bahari ilipoanza kupwa wakaifunga ili yasirudi. Usiku uliofuata wakafanya vivyo hivyo. Baada ya siku chache bonde lote lililo kati ya mto Yser na tuta la reli ya kwenda Diksmuide lilikuwa ziwa la kina kifupi, na Wajerumani waliokwisha kuvuka mto wakalazimika kurudi walikotoka. Kipande kidogo cha Ubelgiji kikasalimika.

Kwa kazi ya usiku ule Geeraert anakumbukwa kwao hadi leo, na anastahili. Lakini maji yale hayakuondoka. Kwa miaka minne majeshi yaliishi kando yake, juu yake na ndani yake, na kusini zaidi, mahali ambapo hakuna aliyefungua mlango wowote, maji yalikuja yenyewe. Udongo wa Flanders ni wa mfinyanzi: haunywi mvua. Ukichimba nusu mita, mara nyingi maji yanakutangulia. Wakulima wa huko waliishi na nchi hiyo kwa kuchimba mitaro na kuisafisha kizazi baada ya kizazi, na makombora ya mizinga yaliikatakata mitaro hiyo kwa muda wa wiki chache.

Mwisho wa Novemba 1914 mistari miwili ya mahandaki ilikuwa imetambaa kutoka baharini hadi mpaka wa Uswisi, umbali wa kilomita 700 hivi. Hakuna jemadari aliyepanga hivyo. Bunduki za rashasha na mizinga mikubwa zilikuwa zimefanya uwanja wa wazi kuwa mahali pa kufa, na askari aliyebanwa alichimba shimo la kulala kifudifudi, akalirefusha, akaliunganisha na la mwenzake. Vita hii husimuliwa kwa majina ya mapambano: Marne, Verdun, Somme. Mimi naona anayetaka kuielewa aanze na makazi. Siku nyingi za askari hazikuwa siku za kushambulia. Alikuwa mtu anayekaa mahali, anakula, anajisaidia, anajaribu kulala na kungoja, na jinsi alivyowekwa pale haikuwa bahati tu. Kuna watu waliamua.

Uamuzi wenyewe ulikuwa hivi. Wajerumani walikuwa juu ya ardhi ya watu wengine na walitaka kuishikilia, kwa hiyo walichagua miinuko mikavu, hata ikibidi kurudi nyuma kidogo, wakajenga kama watu wanaotarajia kukaa. Wafaransa na Waingereza walitaka kuwafukuza. Machoni pa makamanda wao, handaki zuri lilikuwa hatari, kwa kuwa lingemfanya askari azoee kukaa na kusahau kusonga mbele. Basi askari wao walibaki mabondeni, kwenye mahandaki yaliyohesabiwa kuwa ya muda, na muda huo ulikuwa miaka.

Miongoni mwa wa kwanza kulipa walikuwa watu waliotoka mbali kabisa. Wanajeshi wa India wa divisheni za Lahore na Meerut walianza kushuka Marseille mwisho wa Septemba 1914. Kabla Oktoba haijaisha walikuwa mstarini Flanders na karibu na La Bassée, wengi wakiwa bado na sare nyepesi za nchi ya joto. Nguo nzito zilikuja zimechelewa. Barua zao zilipita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi, na kwa sababu hiyo nyingi zimehifadhiwa. Ndani yake mtu anajaribu kumweleza baba yake kijijini Punjab baridi ambayo lugha ya nyumbani haikuwa na sababu ya kuijua, na wengine wanawadokeza ndugu zao kwa mafumbo wasikubali kuandikishwa. Mwisho wa mwaka 1915 askari wao wa miguu waliondolewa Ufaransa, wakapelekwa kupigana Mesopotamia.

Katika majira hayo ya kwanza ya baridi madaktari walianza kuona miguu ambayo hawakuielewa. Askari alikuwa amesimama ndani ya maji ya baridi mchana na usiku, viatu vimembana, vitambaa vya kuzungushia miundi vimelowa na kukaza. Mguu ulikufa ganzi kwanza. Kisha ulivimba, ukageuka mwekundu na hatimaye wa buluu, na ulipopata joto tena maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba mtu hakuweza kustahimili blanketi juu yake. Ukiachwa, nyama ilioza, na vidole au mguu mzima ukakatwa. Jeshi la Uingereza peke yake lilitibu zaidi ya watu 20,000 kwa ugonjwa huo katika baridi ya 1914 kuingia 1915.

Mwanzoni maofisa wengine walidhani ni uzembe wa askari, au hila ya kutaka kurudishwa nyumbani. Dawa iliyopatikana baadaye ilikuwa rahisi mno, na urahisi huo ndio unaonitia uchungu. Soksi kavu zililetwa kila jioni pamoja na chakula, na zile zilizolowa zikarudishwa nyuma kuanikwa. Miguu ilisuguliwa kwa mafuta ya nyangumi. Askari waliwekwa wawiliwawili, kila mmoja akawajibika kwa miguu ya mwenzake, na ofisa alipita na kukagua vidole vya watu wake kimoja kimoja kwa mwanga wa mshumaa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kamanda wa batalioni alianza kuulizwa: kwa nini watu wako wanaumwa miguu? Swali hilo lilipoanza kuulizwa, idadi ya wagonjwa ilishuka sana. Ugonjwa haukwisha, lakini ilidhihirika kuwa tope lilikuwa sehemu moja tu ya chanzo chake.

Siku ya handakini ilianza kabla ya mapambazuko. Kila mtu aliamshwa, akapanda kwenye kidaraja cha udongo kilichochongwa ukutani na kukaa tayari, singe mtutuni, macho yakielekea seng'enge za adui, kwa sababu alfajiri ndiyo saa ya kushambuliwa. Jua likishatoka na kukiwa shwari, waliteremka. Waingereza waligawiwa tone la ramu, na kwa wengi hilo lilikuwa jambo pekee la kutazamia kwa saa ishirini na nne. Bunduki zilisafishwa, kisha kifungua kinywa. Sehemu nyingi pande zote mbili zilikuwa na makubaliano yasiyoandikwa ya kutopigana risasi wakati wa kula.

Mchana hakuna aliyenyanyua kichwa. Mahandaki yalichimbwa kwa kupindapinda ili kombora likianguka lisiue watu wengi, na adui akiingia asiweze kupiga risasi moja kwa moja hadi mwisho. Kwa hiyo askari hakuona zaidi ya hatua chache kushoto na kulia. Mbele aliona ukuta wa udongo na magunia ya mchanga, na juu ukanda wa anga. Mdunguaji wa upande wa pili alingojea mahali ambapo ukuta umebomoka kidogo. Wengi walikufa kwa kusahau tu, mtu akajinyoosha mgongo. Usingizi ulikuwa wa vipande vipande, ndani ya tundu lililochimbwa ubavuni mwa handaki, magoti nje.

Usiku ndio uliokuwa wakati wa kazi. Watu walitoka kukarabati seng'enge, kubeba magunia, mbao, maji na risasi, kuzika waliokufa, kuchimba upya kilichobomolewa mchana. Ndio pia wakati wa chakula kupanda kutoka nyuma, kikibebwa mgongoni kupitia vichochoro vyembamba vyenye maji, kilomita kadhaa wakati mwingine, huku mizinga ikivilenga vichochoro hivyohivyo kwa kuwa adui naye alijua saa za chakula. Mpishi Mfaransa alionekana akija na mikate imetungwa kwenye kamba begani na vyombo vya mvinyo vimemning'inia kiunoni. Supu iliyoondoka jikoni inachemka ilifika na utando wa mafuta yaliyoganda. Maji ya kunywa ya Waingereza yalikuja katika makopo ya petroli yaliyooshwa haraka, yakatiwa dawa ya kuua vijidudu, na chai yao ikawa na ladha ya vyote viwili.

Kwenye karatasi askari Mwingereza alipewa chakula kingi kuliko alichokula nyumbani, na kwa vijana wa mitaa maskini ya Glasgow au London hilo lilikuwa kweli. Lakini kilikuwa kilekile: nyama ya kopo, jemu, na biskuti ngumu ambazo ilibidi zipondwe na kulowekwa ili zisivunje meno. Mjerumani aliumia zaidi kadiri miaka ilivyokwenda, maana meli za Uingereza ziliziba njia za bahari, na baridi ya 1916 kuingia 1917 watu wa kwao walishinda kwa mizizi ambayo kawaida walilisha mifugo. Machi 1918 Wajerumani walipovunja mstari wa Waingereza na kuingia katika maghala yao, askari wengi waliacha kusonga mbele, wakakaa kula na kunywa. Mji wa Albert ulikuwa mmoja wa mahali hapo. Majemadari walilalamikia nidhamu. Watu wale walikuwa na njaa ya miaka.

Juu ya miili yao askari walibeba wakazi wengine. Chawa walikaa kwenye mishono ya nguo, na jioni ilikuwa kawaida kuona watu wamevua mashati, wanapitisha mwali wa mshumaa kwenye mishono hiyo wakiwasikiliza wakipasuka. Nyuma ya mstari palikuwa na bafu za jeshi. Baadhi zilikuwa viwanda vya bia, na askari waliingia kwa makundi kwenye mapipa makubwa ya kiwanda. Nguo zilipigwa pasi au kufukizwa kwa mvuke. Mara nyingi mayai yalinusurika, na joto la mwili liliyaangua kabla ya saa nyingi kupita. Kuanzia 1915 kulionekana homa mpya, inayokuja na kuondoka na kurudi tena, yenye maumivu makali ya miundi. Ilichukua hadi 1918 kuthibitisha kuwa chawa ndio walioieneza. Kijana mmoja aliyerudishwa Uingereza kwa homa hiyo Novemba 1916, baada ya miezi ya Somme, alikuwa J.R.R. Tolkien, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri.

Panya nitawataja kwa kifupi, kwa kuwa waandishi wa vita hii wamewamaliza. Walinenepa kwa kula maiti zilizolala katikati ya mistari miwili mahali ambapo hakuna aliyeweza kwenda kuzichukua. Askari walijua wananenepa kwa nini, na usiku panya hao walipita juu ya nyuso zao.

Ni haki kusema kwamba hakuna aliyeachwa mstari wa mbele mwaka mzima. Vikosi vilipokezana: siku kadhaa mbele, kadhaa mstari wa pili, kisha nyuma kupumzika, ingawa mapumziko yalijaa gwaride na kubeba mizigo. Ofisa Mwingereza Charles Carrington alihesabu siku zake za mwaka 1916, akapata 65 za mstari wa mbele na 36 za mahali pa karibu nao. Zinaonekana chache. Lakini kila moja ya hizo 65 ilikuwa na saa ishirini na nne za kutovua viatu.

Mwaka huohuo, Somme, tofauti ya makazi ilileta hesabu yake. Huko ardhi ni ya chokaa, inachimbika vizuri na haishiki maji. Wajerumani walikuwa wamekaa pale karibu miaka miwili, wakachimba vyumba vya kina cha mita sita hadi kumi, vyenye vitanda vya mbao, ngazi zaidi ya moja, na mahali pengine taa za umeme. Kuanzia tarehe 24 Juni 1916 mizinga ya Uingereza iliwamwagia makombora zaidi ya milioni moja na nusu kwa siku saba. Chini, watu walikaa gizani wakivuta hewa nzito, bila chakula wala maji ya kutosha, udongo ukiwamwagikia kila kombora lilipotua. Wengine walirukwa na akili ikabidi washikwe na wenzao. Lakini vyumba vingi havikuporomoka. Asubuhi ya tarehe 1 Julai mizinga ilipohamisha shabaha na Waingereza wakainuka kutembea kuelekea seng'enge, walinzi walipiga kelele na watu wale wakapanda ngazi na bunduki zao za rashasha. Siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470, na 19,240 kati yao walikufa. Vyumba vile havikuwa sababu pekee, lakini ni vigumu kuwaza siku ile bila hivyo.

Wafaransa walivumilia hadi masika ya 1917. Tarehe 16 Aprili Jenerali Robert Nivelle alituma majeshi yake kupanda kilima cha Chemin des Dames, akiahidi ushindi wa siku mbili. Kulikuwa na mvua na theluji. Miongoni mwa waliotangulizwa walikuwa askari Waafrika kutoka koloni za Ufaransa za Afrika Magharibi, wale walioitwa Tirailleurs sénégalais ingawa wengi hawakutoka Senegali. Kwa kawaida jeshi liliwaondoa mstarini wakati wa baridi na kuwapeleka kambi za Fréjus, kusini, kwa kuwa baridi iliwaua kwa magonjwa ya mapafu. Safari hii walirudishwa mbele kabla baridi haijaisha, wakakaa mahandakini wakingoja saa ya kuondoka, na walipoamriwa kuondoka kulikuwa na watu ambao vidole vyao havikuweza tena kushika bunduki. Maelfu yao walianguka.

Baada ya mashambulizi hayo kushindwa, karibu nusu ya divisheni za Ufaransa zilikumbwa na maasi. Madai yao yanafaa kusomwa taratibu. Wengi hawakukataa kulinda nchi yao. Walibaki mahandakini na kuushikilia mstari. Walikataa mashambulizi ya bure, na walitaka likizo iliyoahidiwa na chakula kinacholika. Baadhi yao walipigwa risasi. Lakini Philippe Pétain, aliyechukua nafasi ya Nivelle, alitoa pia likizo ya siku saba kila miezi minne, akarekebisha majiko na mahali pa kupumzikia. Mambo hayo yangewezekana mwaka 1915.

Miezi michache baadaye, kule Ypres, Flanders, maji yalirudi kutawala. Shambulizi la Passchendaele lilianza tarehe 31 Julai 1917, na mvua ikaanza jioni ileile. Makombora zaidi ya milioni nne yaliyotangulia yalikuwa yamefuta kilichobaki cha mitaro ya wakulima. Hapo hata handaki halikuwepo tena: watu waliishi katika mashimo ya makombora yaliyojaa maji, na njia pekee ilikuwa mbao zilizotandazwa juu ya tope. Aliyeteleza usiku na mzigo mgongoni aliweza kuzama, na wenzake wakashindwa kumvuta. Machela iliyobebwa na watu wawili penye ardhi kavu ilihitaji sita, wakati mwingine wanane, kwa saa kadhaa. Mapambano yaliendelea hivyo hadi tarehe 10 Novemba.

Vita hiyohiyo ilikuwa pia kwetu Afrika Mashariki. Kuanzia Septemba 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts na yale ya Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yalichimba mahandaki na kutazamana kwenye mto Mgeta, kusini mwa milima ya Uluguru, hadi mwanzo wa Januari 1917. Kisha mvua kubwa isiyo ya kawaida ikafurika Rufiji, barabara ikatoweka, na askari wa kikosi cha Nigeria waliokuwa huko wakaishi kwa posho iliyopungua hadi nusu na chini ya nusu. Malaria na tumbo la kuhara viliua kuliko risasi. Walioteseka zaidi hawakuwa na hata handaki: wapagazi, waliotembea na mizigo kichwani wakila posho ndogo kuliko ya askari, bila viatu, mara nyingi wakiwa na blanketi moja. Serikali ya Uingereza yenyewe ilihesabu wapagazi 95,000 hivi waliokufa upande wake. Hakuna swali la nani aliyewajibika kwa miguu yao lililowahi kuulizwa kwa ukali ule ule.

Kulikuwa na maradhi mengine ambayo soksi kavu hazikuyatibu. Mapema mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la tiba juu ya askari walioacha kuona, kunusa au kukumbuka ingawa hawakuwa na jeraha. Jeshi halikukubaliana na nafsi yake kuhusu watu hao: wengine walipelekwa hospitali, wengine mahakamani.

Harry Farr, askari wa kikosi cha West Yorkshire, alipitia kote kuwili. Mwaka 1915 alilazwa Boulogne miezi mitano, akitetemeka kiasi kwamba muuguzi ndiye aliyemwandikia mkewe barua. Akarudishwa mstarini. Septemba 1916, Somme, alisema hawezi tena kwenda mbele. Kesi yake tarehe 2 Oktoba ilichukua dakika ishirini hivi, bila mtetezi, na tarehe 18 Oktoba alipigwa risasi na askari wa upande wake. Mjane wake alinyimwa pensheni, akaificha habari hiyo kwa aibu miaka mingi. Binti yao, Gertrude Harris, alipigania jina la baba yake hadi uzeeni. Alikuwa na miaka 93 mwaka 2006, bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kumsamehe Farr pamoja na wenzake, jumla yao 306. Sheria hiyo ilitamka wazi kuwa msamaha haufuti hukumu zilizotolewa.